Kivuli cha Mwalimu Komba

1

Walinigeuzia migongo wote ishirini na sita. Walikuwa wamejipanga pande mbili za lango la Uwanja wa Chuma, pale Liganga, sare zao nyeusi zimenyooshwa pasi utafikiri wao ndio wanaoingia kuchezesha. Kila nilipopiga hatua, mgongo mmoja uligeuka. Hawakunizomea. Afadhali wangenizomea, maana mimi ni mwalimu wa sekondari na kuzomewa nimezoea.

Nilipita katikati yao na begi langu begani, moyo unanidunda. Nisijisingizie: nusu ya kudunda kule ilikuwa aibu, nusu nyingine ilikuwa furaha. Miaka tisa nimekaa kwenye orodha ya kusubiri Ligi Kuu. Mtihani wa mbio nimefaulu mara nne, mtihani wa sheria mara tano, na kila mwaka jibu lilikuwa lile lile, subiri. Sasa waamuzi wenyewe wamegoma, na mimi Akwilina Haule nimeitwa kuchezesha mechi ya kuamua ubingwa. Nani angekataa? Wapo waliokataa, ninawajua kwa majina. Mimi sikukataa.

Mgongo wa mwisho niliutambua kabla sijaufikia. Bega la kushoto limeshuka kidogo, kisogo kimejaa mvi. Gaudensi Komba. Ndiye aliyenifundisha kupuliza filimbi, kukimbia kinyumenyume, na kutomkodolea macho mchezaji anayelia.

"Shikamoo, Mwalimu," nikauambia mgongo.

Kuna mambo ambayo hata mgomo hauyawezi. Mtu aliyelelewa Songea hawezi kuiacha shikamoo ikaanguka chini.

"Marahaba," alijibu, uso bado kaupeleka barabarani.

"Mwalimu, naomba unielewe..."

"Umeshaamua, Akwi. Ingia. Ila nina ombi moja." Akateremsha sauti. "Kile kidude chao kikikosea, kiache kikosee. Usikisitiri. Nchi nzima ikione, tumalize mambo haya."

"Hata kama kuna mtu ataumia?"

Alinyoosha kola ya sare yake.

"Hata kama."

2

Kamisaa wa mchezo, Bwana Mselemu, alinibandika kivuli nyuma ya sikio kwa mkono wake mwenyewe. Kilikuwa chembamba kama ganda la kitunguu, na cha baridi.

"Mwamuzi, sikiliza vizuri," alisema. "Kivuli kitaona na kitasema. Kikishasema, una sekunde tatu za kupuliza na kuonyesha ishara. Ukinyamaza, uwanja utapuliza wenyewe, na uamuzi utaandikwa kwenye ubao. Umenipata?"

"Na kama sikubaliani nacho?"

Alinyanyua mkono wangu akanionyesha kitufe chekundu kwenye saa. "Hicho kinaitwa Kana. Tangu msimu uanze hakuna aliyekigusa. Atakayekigusa anatoka kwenye orodha, na harudi maisha. Uliusoma mkataba, au ulisaini tu kwa furaha?"

Nilikuwa nimesaini tu kwa furaha, lakini sikumwambia.

Hadithi ya vivuli kila mtu anaijua kwa sasa. Kwa miaka mingi waamuzi wa ligi walivalishwa bangili wakaambiwa ni za kulinda mioyo yao. Kumbe bangili zilikuwa zinakusanya kila kitu: jicho la mwamuzi limekwenda wapi, mapigo yamepanda lini, filimbi amepuliza kwa kosa gani na kwa kosa gani amenyamaza. Mwaka jana Ligi ikawavua bangili, ikazipika zile kumbukumbu, na ikatoa vivuli, yaani busara ya mtu bila mtu mwenyewe. Waamuzi walipojua, walidai vifutwe. Ligi ikakataa. Wakagoma, na Ligi ikawaambia kwaherini, kazi yenu tunayo tayari kwenye kisanduku.

Kilikosekana kitu kimoja tu. Sheria za mpira bado zinadai awepo mtu mwenye damu katikati ya uwanja. Ndipo tukaitwa sisi waamuzi wa badala: walimu, manesi wawili, bwana mifugo mmoja wa Makete. Kazi yetu ilikuwa miguu.

Kamisaa aligusa sikio langu, na sauti ikasema ndani ya kichwa changu, "Haya, twende kazini."

Niliruka. Ilikuwa sauti ya Mwalimu Komba, na kikohozi chake kidogo cha mwanzo wa sentensi. Nilikuwa nimetoka kumwacha pale nje amenipa mgongo, na sasa alikuwa ananong'ona ndani ya sikio langu.

"Kivuli chako ni cha Komba," alisema Kamisaa kwa fahari. "Tumekupa kilicho bora."

3

Na raha niliyoipata, acheni niiseme.

Saa kumi kamili alasiri, watu elfu arobaini, paa la uwanja linageuka polepole kulifuata jua, kamera nyuki zinavuma juu ya vichwa vyetu. Wenyeji Liganga walihitaji sare tu wawe mabingwa. Wageni wao, Nyasa Mapacha, walihitaji kushinda. Nilipuliza filimbi ya kwanza na nikasahau migongo yote ishirini na sita.

Kivuli kilikuwa kinaona kama mchawi. "Namba sita anakwenda na miguu miwili, sogea kushoto." Nikasogea, na kweli namba sita akaenda na miguu miwili, nikawa hatua tatu kutoka kwenye kosa. "Huyu atajiangusha." Akajiangusha. "Endelea, endelea." Nikapunga mikono mchezo uendelee, ubao mkubwa ukarudia picha, na watu elfu arobaini wakaona hakuguswa hata na upepo. Wakanishangilia! Mwamuzi kushangiliwa Liganga! Nilikimbia dakika ile nikiwa nimeota kichwa cha pili.

Liganga wakapata bao kwa kona. Nyasa wakasawazisha baada ya mapumziko, shuti la mbali lililomwacha kipa Yordani Mtweve amepiga magoti. Alikuwa kijana mrefu wa miaka ishirini na miwili, msimu wake wa kwanza. Alijikung'uta, akaliendea taulo lake jeupe lililofungwa kwenye wavu, akafuta uso, akalifunga tena kwa mafundo mawili.

Mjukuu wako akija kuuliza taulo lina nini, mwambie hivi. Sisi tumejenga treni zisizo na magurudumu, tumechimba chuma kwa mitambo isiyolala, lakini mpira wetu una ugonjwa uliotoka kwa mababu na haujapata dawa. Bao likikataa kuingia, watu hawasemi kipa ni hodari. Wanasema goli limefungwa, na ufunguo uko kwenye taulo. Basi hutafutwa mtu wa kwenda kulinyakua.

Dakika ya sitini na moja mpira ulikuwa upande wa pili. Kassian Ndunguru, mshambuliaji wa Nyasa wanayemwita Shoti, hakurudi na wenzake. Alibaki kwenye nguzo ya goli la Liganga. Akanyoosha mkono, akalishika taulo, akalipapasa mafundo, kisha akanitazama mimi na kutabasamu.

"Refa!" alipiga kelele Yordani. "Refa, ananichukulia taulo langu!"

Nikaisubiri sauti.

"Mimi siamui uganga," ilisema sauti ya Mwalimu. "Tazama mpira."

Maneno yale niliyajua. Niliyajua kwa sababu Mwalimu mwenyewe alikuwa ameniambia kwamba anayajutia.

4

Ilikuwa mwaka jana, siku chache baada ya bangili kuvuliwa. Tulikuwa tumekaa kwenye benchi la uwanja wa shule yetu tunakula mahindi ya kuchoma, na yeye alikuwa ametoka msibani Namtumbo. Muhindi wake aliushika tu mkononi.

Miaka kumi nyuma, alinisimulia, katika uwanja huu huu wa Liganga, mshambuliaji alinyakua taulo la kipa aliyeitwa Salumu Ngatunga. Mwalimu hakutazama. Yeye alikuwa msomi, mambo ya hirizi aliyadharau, na mtu akimlilia taulo alimjibu, mimi siamui uganga. Jicho lake liliporudi golini aliona kitu kimoja tu, kipa amemkaba mshambuliaji shingo. Penalti na kadi nyekundu. Mji mzima ukasema Ngatunga kakabwa na uchawi wake mwenyewe. Timu ikamwacha na nyingine hazikumchukua. Akiwa na miaka ishirini na mitatu mpira wake ukaisha.

"Nimemkuta msibani," alisema Mwalimu. "Analima tumbaku. Akaniwekea chakula mbele yangu, Akwi, akaninawisha mikono. Nikamuuliza, kijana, siku ile kwenye taulo kulikuwa na nini? Akacheka. Akatoa bomba la pumu mfukoni akanionyesha."

Muhindi wake ulikuwa umepoa. Akautupa.

"Ukiona mtu anakimbilia wavu, achana na mpira, tazama wavu. Kosa la kwanza ndilo kosa. Mimi nilipuliza la pili." Kisha akasema, "Hili nimekwambia wewe tu."

Kufanya kosa si kosa, wahenga walisema, kosa ni kurudia kosa. Lakini bangili ilikuwa imeshavuliwa. Kivuli kilipikwa na miaka yote ya dharau, na hakikupata hata siku moja ya majuto.

Na Nyasa walijua. Nilimwona Shoti akigeukia benchi lao, na kocha akamwonyesha kiganja, bado, subiri. Maamuzi ya vivuli yote yako wazi mtandaoni. Kocha mwenye subira anakaa anayasoma mpaka anapata tundu. Mtu ukimjua udhaifu wake leo, kesho pengine kashajirekebisha. Kivuli hakina kesho. Walikuwa wamelifanyia mazoezi taulo kama watu wanavyofanyia mazoezi kona.

5

Dakika ya themanini na tisa. Bao moja kwa moja. Liganga wote wamesimama, wengine wanalia kabla ya wakati.

Nyasa waliupeleka mpira kwa makusudi mbali, kwenye kibendera cha kona ya kushoto. Kila jicho likaufuata.

"Tazama mpira," alisema Mwalimu sikioni.

Nikatazama wavu.

Shoti aliingia ndani ya goli, akakata mafundo kwa kuvuta mara moja, akalitia taulo ndani ya fulana yake, na akatoka anakimbia polepole. Polepole! Anakimbia kama mtu anayetaka kukamatwa. Filimbi ilikuwa mdomoni mwangu na nilipaswa kupuliza hapo hapo. Sikupuliza. Nilikuwa na Walimu wawili kichwani, wa sikioni na wa langoni, na wote walitaka ninyamaze.

Yordani akamrukia. Akamshika fulana, wakaanguka wote wawili ndani ya eneo la hatari.

"Kipa kamshika mshambuliaji," ilisema sauti bila haraka. "Penalti. Kadi nyekundu."

Sekunde tatu.

Moja. Ningenyamaza tu. Uwanja ungepuliza wenyewe, Liganga wangepoteza kombe, picha zingerudiwa nchi nzima usiku kucha, taulo lingeonekana, na kesho asubuhi hakuna mtu ambaye angetaka kivuli tena. Watu ishirini na sita wangerudi kazini. Kwa kunyamaza tu! Nilikuwa nimewasaliti mchana, na jioni ningewalipa bila kunyanyua kidole.

Mbili. Yordani Mtweve alikuwa ameketi kwenye nyasi, mikono kichwani. Hakuwa anautazama ubao. Alikuwa ananitazama mimi, na midomo yake ilikuwa inasema, "Refa, uliona. Refa, si uliona?"

Niliona. Mungu wangu, niliona.

Nikabonyeza Kana.

Ubao ulikuwa umeshaandika PENA. Ukazimika. Nikapuliza filimbi kwa pumzi yangu mwenyewe mpaka masikio yakaniuma, nikamwendea Shoti, nikanyoosha mkono, na nikalivuta lile taulo kutoka ndani ya fulana yake mbele ya kamera nyuki zote. Kadi ya njano. Mpira wa adhabu kwa Liganga. Kilichofungwa ndani ya taulo sikukitazama. Ingekuwa hirizi, ingekuwa kitumbua, hainihusu. Nikamrudishia Yordani.

"Kivuli kimesema penalti!" alinguruma kocha wa Nyasa. "Wewe ni nani?"

"Mimi ni mwamuzi," nikamwambia, na ilikuwa mara ya kwanza siku ile neno lile kunikaa mdomoni.

Sikioni Mwalimu alikuwa anarudia, bila hasira, penalti, penalti, penalti. Aliendelea hivyo dakika zote nne za nyongeza. Nilipopuliza ya mwisho, uwanja ulilipuka kwa kelele ambazo sijawahi kuzisikia na sitazisikia tena.

6

Nilimsubiri Kamisaa chumbani nikiwa nimeshafunga begi. Niliyajua yanayonisubiri. Akaingia anacheka, mikono miwili mbele.

"Mama, umetuokoa!" alisema. "Wakubwa wamefurahi mno. Mtu na kivuli wanasaidiana! Pale kivuli kinaposinzia, mtu anakiamsha. Hii ndiyo njia. Kifungu cha kukufukuza tumekifuta, unaingia orodha ya kudumu."

Nilikaa chini. Kumbe Mwalimu alikuwa sahihi. Nimekisitiri, na kwa kukisitiri nimekiokoa.

Kamisaa akaniwekea ripoti ya mchezo. Dakika ya themanini na tisa. Chanzo cha uamuzi: kivuli, mwamuzi, au vyote viwili. Chini yake mstari mmoja wa maelezo. "Hapo weka vyote viwili," alisema. "Unasaini, tunakwenda kwa waandishi."

Kalamu ilinishinda. Uamuzi ule haukutoka kwenye kivuli. Na kusema kweli haukutoka kwangu. Ulitoka kwa mzee mmoja aliyenawishwa mikono na mtu aliyemdhulumu. Ningeandika hivyo, jina la Ngatunga lingesomwa kila nyumba, na Mwalimu, mwamuzi asiye na doa, angevuliwa nguo hadharani na mwanafunzi wake. Sikuwa na haki hiyo.

"Nipe dakika kumi," nikamwambia Kamisaa.

Nikatoka na ripoti mkononi. Watu walikuwa wanamiminika langoni wanaimba, na wale ishirini na sita walikuwa bado pale na mabango yao, wamesikia kila kitu kupitia spika. Migongo ikageuka tena, mmoja mmoja. Wa Mwalimu haukugeuka. Alinitazama usoni, na macho yake yalikuwa mekundu kwa hasira.

"Nilikuomba kitu kimoja," alisema.

"Ulikuwa umeshanifundisha kingine, Mwalimu."

"Umetumaliza, Akwi. Unajua? Wameshatangaza huko ndani. Mtu na kivuli. Hatutarudi tena."

"Wanataka niandike kwamba kivuli kilisaidia. Siwezi, maana hakikusaidia. Lakini nikiandika ukweli nitamwandika Ngatunga." Nikampa ripoti na kalamu. "Sitaandika bila ruhusa yako. Ukikataa naichana sasa hivi, narudi shuleni kufundisha."

Aliisoma. Aliisoma mara mbili, utafikiri kuna maandishi mengi. Shabiki mmoja wa Liganga alimpiga kumbo kwa furaha, hakuhisi. Kamera nyuki mbili zilikuwa zimenifuata kutoka ndani, zikaja zikaelea juu yetu.

"Mama yake alikuja kwangu siku ile," alisema taratibu. "Mama yake Ngatunga. Nikamwambia mwamuzi hajadili maamuzi yake." Akafuta uso kwa kiganja. "Mficha uchi hazai, eti."

Kisha akaikunja ripoti, akaitia mfukoni mwake, na akanisukumia bango lake kifuani.

"Shika hapa."

Nikalishika. Akamwendea kiongozi wa mgomo, akamchukulia kipaza sauti, akakohoa kile kikohozi chake kidogo. Watu wa karibu wakanyamaza, halafu wa mbali.

"Naitwa Gaudensi Komba," alisema. "Miaka kumi na moja iliyopita, ndani ya uwanja huu, nilimpa kadi nyekundu kijana Salumu Ngatunga na nikamwita mchawi bila kutamka. Hakuwa mchawi, alikuwa mgonjwa wa pumu. Nilikosea. Leo huyu binti ameamua kwa funzo la kosa langu lile, na funzo hilo halimo kwenye kivuli chao, kwa sababu hawakuwahi kuniuliza."

Sauti ile ile ilikuwa bado imebandikwa nyuma ya sikio langu. Nikaibandua, nikaitia mfukoni pamoja na filimbi. Bango lilikuwa zito kuliko nilivyodhani. Nikaliinua kwa mikono miwili, nikasimama kwenye ile nafasi aliyoiacha, na nikaugeuzia uwanja mgongo.